Macho ya Sokoni Yasiyolala

Ukishafunga duka lako jioni mjini Migori au Homa Bay, je, hulala usingizi mnono? Wengi wetu humwachia Mungu na mlinzi wa usiku. Siku hizi kamera imekuwa msaidizi wa mlinzi huyo, lakini kuvuta waya duka hadi duka ni gharama, na mwizi akiukata, macho yamefumba.

Ndipo mafundi walipobuni mtandao wa redio za kupokezana. Bila shaka umewahi kuona watu wakizima moto kwa kupeana ndoo mkono kwa mkono. Basi ni vivyo hivyo. Kila duka huwekewa redio ndogo juu ya paa. Redio hiyo hutuma picha za kamera yake, tena hupokea za jirani na kuzisukuma mbele hadi kwenye mtambo wa kuzihifadhi. Moja ikizimika, picha hupitia kwa jirani mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Hata hivyo, usikimbilie kununua. Redio hizi hutaka kuonana. Vilima kama vya Gembe na Gwassi huzuia mawimbi, ingawa mlingoti ukisimikwa kileleni, kizuizi hugeuka msaada. Redio ya bei nafuu hupoteza karibu nusu ya kasi kila picha inapopokezwa, ilhali kamera moja yaweza kuhitaji megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Kwa hiyo hatua zisizidi mbili au tatu. Weka pia betri, kwani mwizi hupenda usiku usio na stima. Na neno la siri la kiwandani libadilishe siku ile ile.

Jambo la mwisho ndilo zito. Kamera inayolinda duka yaweza pia kuchungulia ua wa jirani na watoto wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda hata picha ya mtu. Mwaka 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Basi kabla ya kuchanga fedha, kaeni kikao mkubaliane: kamera zitazame wapi, nani atazitazama picha, na zifutwe lini? Mwizi ni mgeni wa usiku mmoja. Jirani utaishi naye siku zote.