Siku Kitanda Kinapofungwa

Fundi anashusha kitanda kutoka kwenye kirikuu, na kauli ya kwanza kusikika ndani ni ile ile: "Mpelekeni mtoto kwa bibi yake, asije akaumia." Jioni mtoto anarudishwa na kukuta chandarua kimening'inizwa na shuka limenyooshwa. Wakubwa wanamtazama wakingoja afurahi. Anazunguka kidogo, anagusa tendegu moja, na saa nne usiku yuko mlangoni kwa mama, kakumbatia mto wake.

Wazazi huniletea habari hii kama shida ya usingizi. Mimi huanza kwa kuuliza mtoto alikuwa wapi siku kitanda kinafungwa.

Mtoto mdogo ana sheria yake ya mali. Mwaka 2010, Patricia Kanngiesser na wenzake walichunguza jinsi watoto wa miaka 3 na 4 wanavyoamua kitu ni cha nani, baada ya mtu kukifinyanga upya kwa udongo wa mwenzake. Watoto, kuliko watu wazima, walielekea kumpa yule aliyefanya kazi. Kwa hiyo unapomwambia "hiki ni chako" akiwa hajakigusa, unamwambia jambo ambalo kwa hesabu yake halijatimia.

Na hamu ya kusaidia huanza mapema kuliko tunavyodhani. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello waliona watoto wa miezi 18 wakimfungulia kabati mtu mzima aliyejaza mikono na kushindwa kufungua mlango. Hakuna aliyewaomba.

Basi apewe kazi gani? Wa miaka 2 anabeba vitu vyepesi, kimoja kimoja, kutoka sebuleni. Wa miaka 4 anashika ncha ya futi kamba na kuhesabu chaga fundi anapozipanga. Wa miaka 6 anaweza kumalizia kukaza skrubu kwa bisibisi ukishaianza wewe. Skrubu zihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, hasa kama kuna mdogo wake anayetambaa, maana huyo kila kitu hukipeleka mdomoni. Randa, msumeno na vanishi si vya mtoto; kitanda kipakwe mbali na kikauke hadi harufu iishe kabla hakijaingia ndani.

Lakini kubeba na kukaza ni sehemu ndogo. Kubwa ni kuamua, na hapo ndipo wengi tunateleza. Ukimuuliza mtoto wa miaka 4 "unataka kitanda kikae wapi?" atakuonyesha katikati ya mlango, nawe utalazimika kukataa jambo uliloliomba mwenyewe. Chagua kwanza wewe. Angalia soketi, angalia dirisha asije akapanda kitandani akalifikia, angalia ndoano ya chandarua. Zikibaki sehemu mbili ambazo kweli unazikubali, mwite: ukuta huu au ule? Asiye na chumba chake, anayelala na ndugu zake watatu, anaweza kuulizwa hivyo hivyo kuhusu sanduku lake au msumari wa kutundika begi.

Kwenye urefu wa rafu na misumari, mtoto anajua kuliko wewe. Mwambie asimame wima, anyooshe mkono bila kuchuchumia, utie alama ya penseli. Maria Montessori alipofungua shule yake ya kwanza mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 6, 1907, alitaka viti na meza vyepesi ambavyo mtoto angevihamisha mwenyewe. Kiti chepesi huanguka kwa kishindo mtoto akikipamia, na hicho kishindo Montessori alikihesabu kuwa mwalimu. Sisi bado tunanunua kabati la futi 6, kisha tunalalamika kwamba nguo ziko sakafuni.

Jambo moja halina mjadala wala kura ya mtoto: kabati na meza ya droo vifungwe ukutani. Mtoto huvuta droo na kuzigeuza ngazi, na uzito wote humfuata. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliziita zirudishwe kabati zake za droo zipatazo milioni 29 nchini Marekani baada ya baadhi kuwaangukia watoto na kuwaua. Kitanda cha juu cha deka nacho kisubiri hadi atimize miaka 6.

Kisha linakuja jaribu la usiku. Mtoto amelala, unapita na tochi ya simu, unaona vitabu vimewekwa kichwa chini na kapu la midoli limekaa upande. Mkono unakuwasha. Najua, wangu pia huwasha. Ukivinyoosha, kesho atajua, hata asiposema, na siku nyingine utakapomwita atakuja kwa kuburuta miguu.

Kuna binti mmoja wa miaka 4 aliyeamua kitanda chake kikae mbali na ukuta, kiasi cha shubiri tatu. Baba yake alikisogeza mara mbili, naye alikirudisha mara mbili, kwa kukisukuma kwa mgongo. Mara ya tatu baba akauliza sababu. Ile nafasi, akaambiwa, ni ya viatu, ili asivitafute gizani akitaka kwenda chooni.