Muziri wa Ziwa Albert: upepo, mwezi na kitoweo cha Pajulu

Pajulu haina ziwa, lakini mafungu ya muziri wakavu ni ya kawaida katika masoko yake na yale ya Arua. Samaki huyu hafiki urefu wa kidole, na ndiye mkombozi wa nyumba isiyomudu kilo ya sangara. Hupikwa kwa karanga au simsim iliyosagwa, akaliwa na enyasa.

Anatoka Ziwa Albert, akipitia Panyimur, Pakwach na Nebbi. Wataalamu humwita Engraulicypris bredoi, na kwake asili ni ziwa hilo tu. Huishi kwenye maji ya wazi, akila vijidudu vinavyoelea. Mwenzake wa sokoni, ragoge, ana mwili mkubwa kidogo na hupenda zaidi maji ya karibu na ufuko.

Wingi wa muziri hutegemea vijidudu hivyo, na vijidudu hutegemea upepo. Kina cha Albert hakifiki mita 60, ilhali Tanganyika ina mita 1,470 hivi. Upepo ukivuma kwa nguvu kati ya kuta za Bonde la Ufa, hulikoroga ziwa na kuinua rutuba iliyotuama chini. Mwani hustawi, vijidudu hunenepa, na muziri huzaana.

Kisha kuna mwezi. Muziri huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza mvuto. Samaki hutawanyika, wavuvi hurudi na mashua nyepesi. Mama wa Pajulu anaweza kuujua mwezi kwa kutazama ukubwa wa fungu tu.

Lakini si upepo na mwezi pekee. Sangara, ambaye hula samaki wadogo, alivuliwa kupita kiasi, na tangu miaka ya 2000 muziri na ragoge wamekuwa zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa Albert upande wa Uganda. Muziri hukua na kuzaa upesi, hivyo hustahimili nyavu. Tatizo ni kwamba wavu wenye matundu madogo hauchagui: humbeba pia sangara mchanga, ambaye angehitaji miaka kadhaa ndipo azae. Na baadhi ya muziri huishia kwenye chakula cha kuku badala ya sufuria.

Ziwa lenyewe limegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya Uganda na Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria ya nyavu ikikazwa Panyimur na kulegezwa Mahagi, samaki huvuka tu akanaswa ng'ambo.

Mwaka 2020 maji yalipanda na kumeza sehemu za fukwe ambako muziri huanikwa. Muziri aliyenyeshewa kabla hajakauka huoza upesi, hata kama usiku ule ziwa lilitoa kwa ukarimu. Anayeanika juu ya vichanja huokoa mzigo wake. Anayeanika mchangani hutazama mawingu.