Lugha ya Mwaliko: Chuo Kikuu na Mwanafunzi Asiyejiweza wa Nakuru

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza upande mmoja wa kazi ambayo vyuo vikuu vyetu huifanya nje ya kuta zake, nayo ni kuzuru shule na kuwahimiza wanafunzi wa jamaa zisizojiweza wafikirie elimu ya juu. Mengi yamekwisha semwa kuhusu karo, basari na alama. Machache yamesemwa kuhusu lugha ambayo kwayo mwanafunzi huyo na mzazi wake hukaribishwa. Hoja yetu ni kwamba mwaliko usioeleweka si mwaliko, na kwamba wajibu wa kuufanya ueleweke unatuangukia sisi tulio katika idara za Kiswahili.

2. Mahali penyewe

Nakuru yafaa sana kwa uchunguzi huu. Huko Njoro, mwaka wa 1939, Lord Maurice Egerton wa Tatton alianzisha shule ya kilimo kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka wa 1950 shule hiyo ikawa chuo cha kutoa diploma. Baadaye ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka wa 1986 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Lango, basi, limekwisha funguliwa kisheria. Lakini mtu hapiti langoni kwa sheria pekee. Hupita akiamini kwamba anayeitwa ni yeye.

Watu wa eneo hili walitoka pande nyingi. Mashamba ya walowezi, reli, na baadaye mashamba ya maua ya Naivasha, yaliwakusanya Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na wengineo. Sokoni, kwenye matatu na katika mikutano ya wazazi, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, barua ya kumwita mwanafunzi chuoni huandikwa kwa Kiingereza, na mzazi husomewa na mtoto yule yule ambaye hatima yake inaamuliwa.

3. Maneno yanayopotosha

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ni kutafsiri tu. La hasha. Tuchukue neno *chuo*. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilikuwa na maana ya kitabu, na pia mahali watoto walipofundishwa Kurani. Nakuru ya leo ina vyuo vya udereva, vya ushonaji na vya ualimu. Tofauti yote imebebwa na kivumishi *kikuu*, nacho katika mazungumzo huachwa. Mzazi akiambiwa mtoto aende chuo, huenda akahesabu miezi, kumbe anaambiwa miaka minne.

Neno lililotufunza zaidi ni *dhamana*. Katika ziara moja kwenye shule ya kutwa, niliwaeleza wazazi kuhusu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka wa 1995. Nikasema, nikijiona fasaha, kwamba mkopo huo hauna dhamana. Nilikusudia kwamba hakuna anayeombwa hati ya shamba. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja, mzazi wa msichana wa kidato cha nne, alinijia kando akaniuliza: "Mwalimu, nimesikia mtoto asipolipa anafungwa, na dhamana hapewi. Sasa mbona mnatuitia watoto?"

Mama huyo hakukosea. Dhamana aliyoijua ni ile ya mahakamani na ya taarifa za redio. Aliyekosea ni mimi, niliyerudi kutoka ng'ambo na shahada ya uzamili ya lugha nikasahau kuuliza neno langu linaishi wapi. Tatizo liliendelea pale fomu ilipomtaka awe *mdhamini*. Kwa shina lile lile, mdhamini ni mtu anayemtoa mwenzake korokoroni. Tena ni kampuni inayogharimia ligi ya mpira. Kwa hiyo aliona njia mbili tu: ama kifungo, ama kulipa karo yote. Hakutia sahihi siku hiyo. Alitia juma lililofuata, baada ya mwalimu wa shule kumweleza hivi: "Mtoto atalipa mwenyewe akishamaliza masomo. Asipolipa, wewe uliyeweka sahihi utaulizwa. Shamba halimo." Maneno hayo hayakuficha jukumu lake, wala hayakulikuza.

4. Mfano wa Keriko

Katika kijiji cha Pwani, Njoro, iko Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, ambayo wanafunzi wake wengi hutoka katika jamaa maskini. Mwalimu wake, Peter Tabichi, alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka wa 2019. Kwa takwimu zilizotangazwa wakati wa tuzo hiyo, mwaka wa 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo vyuoni. Mwaka wa 2018 walikuwa 26. Sababu ni nyingi, lakini moja yatuhusu: mwisho wa juma alizuru nyumba za wanafunzi akakutana na jamaa zao. Anayeketi nyumbani kwa mtu husikia neno lake linavyopokewa, na akiona limepotoka hulirekebisha papo hapo.

5. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kijikaratasi cha mwaliko kisomwe na wazazi wachache kabla ya kuchapishwa, nao waeleze walivyoelewa. Pili, wanafunzi wetu wa tafsiri wapewe fomu za mikopo na barua za kujiunga kuwa zoezi la darasani. Tatu, tunapozuru shule, tutenge saa moja ya kuulizwa. Orodha zetu za istilahi zina thamani kubwa, lakini mtihani wao wa mwisho hautafanyika idarani. Utafanyika pale mzazi anaposhika kalamu na kuamua kama atatia sahihi.