Gripe ikimkuta mwenye ugonjwa wa sukari

Influenza ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia njia ya hewa, lakini huko Lweba, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika Fizi, nchini Kongo, hauna jina lake peke yake. Mafua ya siku tatu huitwa gripe, na influenza yenyewe, inayomlaza mtu wiki nzima kwa homa kali, kikohozi kikavu na maumivu ya viungo, huitwa gripe vilevile. Mara nyingi hata jina hilo hailipati. Homa ikianza ghafla wazo la kwanza ni malaria, nalo ni wazo la haki, kwa sababu malaria ipo huko mwaka mzima.

Jinsi magonjwa haya yanavyofichana ilionekana mwishoni mwa 2024 katika zoni ya afya ya Panzi, mkoani Kwango (si Panzi ya Bukavu yenye hospitali mashuhuri). Vifo vya huko vilitangazwa kuwa vya ugonjwa usiojulikana. Majibu ya maabara yalipotoka, ikaonekana ni malaria pamoja na virusi vya njia ya hewa, vikiwemo vya influenza, katika watu waliokwisha kudhoofishwa na utapiamlo. Kabla ya hapo, mwaka 2002, influenza ya aina A (H3N2) ilikutwa Bosobolo, katika mkoa wa Équateur wa wakati huo, katika mlipuko ulioripotiwa kuua watu zaidi ya 500. Anayesema gripe haiui anamzungumzia kijana mwenye afya na chakula cha kutosha.

Mwenye ugonjwa wa sukari hali yake ni nyingine. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu hulegea: huchelewa kufika penye adui, na zikifika hazimmezi vizuri. Virusi hupata nafasi, na nyuma yao bakteria, hasa pneumokoki, huingia mapafuni na kuleta nimonia. Wakati huohuo homa huufanya mwili utoe homoni za kukabili shida, kama kotisoli na adrenalini, ambazo hulisukuma ini kumwaga sukari na kuizuia insulini isifanye kazi yake. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hajatia mdomoni hata tonge la ugali wa muhogo anaweza kupimwa akakutwa sukari imepanda.

Hapo ndipo kosa la hatari huzaliwa: kwa kuwa hakula, anaacha sindano yake. Anayeishi kwa insulini akiiacha, mwili huanza kuchoma mafuta na damu hujaa asidi. Hufuata kutapika, kupumua kwa kasi na kwa kina, harufu ya matunda yaliyoiva mno kinywani, na hatimaye kupoteza fahamu. Kwa anayemeza vidonge vya glibenklamidi, vya kushusha sukari, hatari inaweza kuwa kinyume chake, kwani vidonge hivyo vikimezwa bila chakula sukari huweza kuanguka ghafla. Katika janga la H1N1 la 2009, utafiti wa Québec, Kanada, ulionyesha kwamba wenye ugonjwa wa sukari walilazwa hospitalini mara tatu zaidi ya wengine. Barani Afrika lipo tatizo la ziada: zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao, na wengine huugundua siku hiyohiyo gripe inapowaangusha.

Chanjo ipo. Ile ya sindano imetengenezwa kwa virusi vilivyouliwa, hivyo haiwezi kumpa mtu influenza. Mkono unaweza kuuma siku moja au mbili, na kinga hukamilika baada ya wiki mbili hivi. Haizuii kila maambukizi, ila hupunguza kulazwa na kufa. Hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na Shirika la Afya Duniani huchagua mchanganyiko mpya mara mbili: Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia, Septemba kwa zile za kusini. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuhesabia. Nchini Kenya, ambako virusi hivi vimefuatiliwa kwa miaka mingi, hukutwa karibu mwaka mzima. Shirika hilo huwaweka wenye magonjwa ya kudumu miongoni mwa wanaostahili kutangulizwa.

Hata hivyo chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo nchini Kongo. Mtu mzima mwenye sukari akifika kituo cha afya siku ya chanjo atakuta sindano za watoto na za wajawazito. Wanaoipata upesi zaidi katika ukanda huu ni wasafiri, kwa mfano mahujaji, ambao Saudi Arabia huwahimiza kuchanjwa. Mara nyingi lawama hutupiwa barabara ya matope na baridi ya nyuzi 2 hadi 8 inayohitajika, lakini chanjo za watoto hupita njia hiyohiyo na kukaa katika frigo zilezile. Kinachopungua zaidi ni fedha na uamuzi. Chanjo ya pneumokoki iliyoanza kutolewa kwa watoto wachanga wa Kongo mwaka 2011 husaidia kwa kuzunguka, kwani mtoto aliyechanjwa hubeba vijidudu vichache vya kumwambukiza bibi yake.

Pasipo chanjo, kazi kubwa ni kuuguza vizuri. Kipimo cha malaria hufanywa kwanza. Kikiwa hasi, gripe ifikiriwe, na sukari ipimwe mara nyingi kuliko kawaida. Maji hunywewa kidogokidogo, na insulini haiachwi bila ushauri wa muganga. Antibiotiki haziui virusi, na deksametazoni ikitolewa kutuliza homa hupandisha sukari zaidi. Kupumua kwa shida, kutapika kusikokoma au kuchanganyikiwa si mambo ya kungoja kesho. Ni safari ya hospitali, Nundu au Baraka. Na kikohozi kikivuka wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu, ambacho nacho huwapata wenye sukari kuliko watu wengine.