Kuwatambua Vipepeo Wadogo wa Kahawia

Kando ya njia na katika mashamba ya mpunga yuko mdudu mdogo wa kahawia, arukaye ghafula na kutua hatua chache mbele. Wengi husema, "Nondo huyo," wakapita. Kumbe ni kipepeo wa jamaa ya Hesperiidae, na kumtambua kuna utaratibu wake.

Kwanza, tazama vipapasio. Vipapasio vya vipepeo wengine huishia kama rungu. Vya huyu vina rungu lenye ncha iliyopindika kama ndoana, navyo vimeachana mbali juu ya kichwa kipana. Mwili wake ni mnene.

Pili, angalia anavyotua. Wale wapendao majani, wakiota jua, huinua mabawa ya mbele nusu, na ya nyuma wakayalaza.

Tatu, ndipo utazame alama. Rangi peke yake haitoshi, maana wengi wamevaa nguo moja, nayo huchujuka kwa uzee. Dume wa Pelopidas mathias ana mstari mwembamba wa mshazari juu ya bawa la mbele. Dume wa Borbo borbonica hana. Majike hufanana mno, hata pengine wataalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi kwa darubini. Basi usione haya kuandika "Pelopidas au Borbo", kwani jina la kubahatisha humpoteza atakayekufuata. Huko Uingereza walikuwako vipepeo wawili wa jamaa hii waliodhaniwa kuwa mmoja mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Tofauti yao ilikuwa wazi siku zote: upande wa chini wa ncha ya kipapasio, mmoja ni mweusi kama aliyechovywa wino, mwenzake ni wa rangi ya chungwa.

Jambo hili lina faida shambani pia. Viwavi wao hula majani ya mpunga, wakiyafunga kwa nyuzi ili wajifiche ndani. Kiwavi huyo ana kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Lakini wako nyigu wadogo wanaowaua viwavi hao. Basi nanyi mliokwisha kutoka shuleni mkawa wakulima, mkiona jani limekunjwa, lifunueni kwanza mjue aliyemo, kabla ya kunyunyiza dawa. Msije mkamwua rafiki pamoja na adui.