Mfumo wa Zamani Ndani ya Seva Mpya: Yampasayo Mlaji Kuyajua Kabla ya Kulipa

Seva ya zamani inapokufa, mwenye duka la dawa wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi au chama cha akiba na mikopo cha Mwanga huwa na haja moja: kununua mashine mpya, kuingiza mfumo endeshi uleule aliouzoea, na kuiona programu yake ya mauzo ikiendelea kama jana. Haja hiyo ni ya haki. Mara nyingi aliyeiandika programu hiyo hapatikani tena, na ndani yake ndimo yalimo madeni yote ya wateja. Tatizo ni kwamba mashine mpya huweza kuukataa mfumo wa zamani, na mlaji huligundua hilo fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Wakazi wa Kigoma wanaijua meli ya Liemba, iliyoanza safari kwa injini za mvuke na katika miaka ya 1970 ikafungwa za dizeli. Injini ngeni haikai ndani ya meli ya zamani mpaka patengenezwe vya kuishikiza. Katika kompyuta, kazi hiyo hufanywa na programu ndogo ziitwazo draiva, ambazo huuwezesha mfumo endeshi kukitambua kila kifaa. Watengenezaji wa vifaa vipya hawaandiki draiva kwa ajili ya mifumo iliyokwisha kuachwa.

Tuchukue Windows Server 2008 R2, iliyotoka mwaka 2009 na ambayo bado tunaikuta madukani. Haina draiva za milango ya USB 3. Kwa hiyo, katika mashine mpya, fundi huanza kuusimika mfumo vizuri, kisha kibodi na kipanya vikanyamaza katikati ya kazi. Diski za kisasa za NVMe nazo hazionekani, mpaka diski ya usimikaji iongezewe nyongeza maalumu. Kadi ya mtandao huweza kukaa kimya vilevile. Fundi hodari hupata njia ya kuvivuka baadhi ya vizuizi hivi, lakini mlaji asidhani kwamba mfumo ukishawaka basi mambo yamekwisha. Mwaka 2017 Microsoft ilizuia masasisho ya Windows 7 na 8.1 katika kompyuta zenye prosesa mpya za wakati ule, ilhali muda wa mifumo hiyo ulikuwa haujafika mwisho.

Muda wenyewe ni jambo la kuangaliwa. Masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows Server 2008 R2 yalikoma tarehe 14 Januari 2020. Ya Server 2012 na 2012 R2, tarehe 10 Oktoba 2023. Server 2016 imepangiwa tarehe 12 Januari 2027, na Server 2019 tarehe 9 Januari 2029. Seva iliyoachwa bila masasisho, ikiwa imeunganishwa na intaneti, ni mlango usio na komeo. Anayetunza humo majina ya wagonjwa au akiba za wanachama akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka azilinde taarifa hizo.

Iwapo programu ya zamani haiwezi kuachwa, njia tunayoipendekeza ni kuusimika mfumo mpya unaotambuliwa na mashine, kisha ule wa zamani uendeshwe ndani yake kama mashine pepe. Humo ndani mfumo wa zamani huoneshwa vifaa vya kuigiza ambavyo unavifahamu, nao hauhitaji kujua prosesa ya kweli imetoka mwaka gani. Hyper-V huja pamoja na Windows Server. VirtualBox hupatikana bila malipo. Mashine pepe hiyo isifikishwe kwenye intaneti, na nakala ya data itolewe kabla fundi hajagusa chochote. Suala la leseni liulizwe mapema pia, kwa kuwa leseni iliyouzwa pamoja na mashine ya zamani kwa kawaida haihamishiki.

Sasa kuhusu muuzaji. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na akautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Kinga hiyo hudhoofika sana kwa anayeingia dukani, akataja jina la modeli aliyoisikia kwa jirani, akalipa na kuondoka. Mwambie muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, jina la mfumo, toleo lake na programu itakayotumika, na usubiri ajibu. Dai risiti ya mashine ya EFD.

Kwa mlaji wa Kigoma kuna umbali pia. Seva iliyoagizwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kuirudisha ni gharama nyingine. Kabla haijafungwa, mtake muuzaji auwashe mfumo wako juu ya mashine ileile na akuoneshe kwa video kibodi, diski na mtandao vikifanya kazi. Namba ya utambulisho ya mashine ionekane. Mkubaliane pia kwa maandishi ni nani atakayelipa nauli ya kuirudisha endapo itakataa.