Kwa Nini Ujumbe Hufika Vipande Vipande

Ukifungua picha kubwa kwenye simu pale mtandao unapokuwa dhaifu, mara nyingi huanza kuonekana juu, kisha ikateremka kidogokidogo. Simu inapokea baiti chache, inaziweka, inarudi kuchukua nyingine. Kazi hiyo ya kurudi tena na tena ndiyo inayowashinda wengi wanaoanza kuandika programu za mtandao.

Mwanafunzi wa lugha ya Python hufungua soketi, yaani mlango wa programu kuwasiliana na mtandao, akaandika amri ya kupokea, recv(1024), mara moja tu, akajaribu ndani ya kompyuta yake. Salamu inatoka huku, inaingia kule, nzima. Programu hiyohiyo ikihamia kwenye seva ya mbali na kupewa ujumbe mrefu, nusu ya maneno haionekani. Pengine jumbe mbili zinafika zimegandana. Lawama zote hutupiwa mtandao, nao hauna kosa.

Chanzo kiko kwenye kanuni zinazobeba ujumbe huo. Mei 1974, Wamarekani Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha makala iliyoweka msingi wa TCP, itifaki ambayo ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulihamia tarehe 1 Januari 1983. Maadamu muunganisho upo, TCP huhakikisha baiti zinafika zote, tena kwa mpangilio zilivyotumwa. Haikuahidi kamwe kwamba kilichotumwa kwa mkupuo mmoja kitapokewa kwa mkupuo mmoja. Mimina ndoo mbili kwenye tangi: aliye chini bombani hawezi kujua ya kwanza iliishia wapi.

Data husafiri ikiwa imekatwa vipande viitwavyo pakiti. Kwenye Ethernet pakiti kwa kawaida haizidi baiti 1,500, na ukiondoa zile za anwani na udhibiti, zinabaki kama 1,460 za maneno yako. Ujumbe wa baiti 5,000 unahitaji pakiti nne, na recv haizisubiri zote. Inakupa kilichokwisha kufika. Ile 1024 ni kikomo cha juu, si kiasi ulichohakikishiwa.

Basi pokea ndani ya mzunguko. Lakini usimame lini? Hapo programu haiwezi kukisia. Pande mbili lazima ziwe zimekubaliana. Ama kila ujumbe uishie kwa mstari mpya, ama utanguliwe na baiti nne zinazotaja urefu wake. Mimi naiamini zaidi njia ya pili, kwa kuwa mstari mpya unaweza kujitokeza katikati ya ujumbe wenyewe. Na recv ikirudi mikono mitupu, baiti sifuri, ujue upande wa pili umefunga. Usipolikagua hilo, mzunguko utazunguka bila kikomo na kuichosha kompyuta bure.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Katika neno ng’ombe, ile alama iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka huchukua baiti tatu katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Kipande kikikatika katikati ya hizo tatu, programu inayogeuza kila kipande kuwa maandishi papo hapo itakwama. Kusanya baiti zote kwanza, ndipo ugeuze.

Unayejifunza, usiridhike na jaribio la kompyuta moja. Tuma faili ya megabaiti kadhaa kutoka mashine moja hadi nyingine, hesabu baiti pande zote mbili, na zikilingana ndipo uwape watu programu yako waitumie.